Koti Halivuliwi

Ujumbe uliingia kwenye grupu la kazini Jumanne saa nne asubuhi, wakati nahesabu makatoni ya sabuni stoo. "Wapendwa, sherehe yetu ya kufunga mwaka ni Jumamosi ya wiki hii, hotelini, ufukweni, saa moja kamili jioni. Mavazi yawe ya hadhi."

Hadhi! Nilisimama katikati ya makatoni, hesabu ikanipotea, nikaanza tena moja.

Jamaa wa mapokezi, ambaye hana aibu, akauliza kwa niaba yetu sote: "Hadhi ipi dada? Ya harusini, ya kanisani au ya bungeni?" Dada wa utumishi akajibu kwa kidole gumba. Jamani, swali lina njia tatu, mtu anakupa kidole gumba. Baadaye akaongeza: "Kwa wanaume, suti itapendeza." Sasa kama hujawahi kuajiriwa nikutafsirie: "itapendeza" kwa Kiswahili cha ofisini maana yake usipovaa tutaonana Jumatatu.

Wanawake ndani ya nusu saa walishapata mwenyekiti, mweka hazina, mchango wa elfu sitini na tano kila mmoja, satini rangi ya damu ya mzee na fundi wa Sinza. Wanaume tuko ishirini na saba. Kimya. Kila mmoja anasubiri mwenzake aseme hana.

Mimi ninayo. Moja. Nilioa nayo mwaka 2013, bluu nzito, kitambaa kizuri, nilishonewa kwa vipimo vyangu kabisa. Tangu hapo imekwenda misibani, ubatizo, usaili wa kazi mbili (niliikosa moja, sitaki kuamini ni suti), na send-off zote za upande wa mama watoto, ambao ni ukoo usioisha mabinti. Tatizo ni kwamba suti imebaki pale pale 2013, mimi nimeendelea.

Jioni nikaijaribu. Miguuni ikapita, mapajani ikapita kwa mazungumzo, kufika kiunoni, kifungo na tundu lake wakabaki wanaangaliana kama Kivukoni na Kigamboni: ng'ambo unaiona vizuri tu, ila maji yako katikati.

Mama watoto alikuwa kitandani anachambua mchele kwenye ungo. "Baba watoto, vuta pumzi."

"Nimevuta."

"Vuta tena."

"Nikivuta tena nitaitoa lini?"

Akaendelea kuchambua mchele. Nikaona mabega yake yanatikisika.

Basi Jumatano baada ya kazi nikashuka Karume kutafuta mtumba. Wasiojua wanadhani mtumba unakuta suti imening'inia inakusubiri. Hamna. Nguo zinakuja kwenye belo kwa aina: belo la makoti kivyake, belo la suruali kivyake. Kwa hiyo suti iliyoishi Ulaya miaka kumi kwa amani, koti na suruali hawajawahi kugombana, inafika Ilala imepewa talaka. Koti unaliona meza hii, suruali yake Mungu ndiye anajua, labda iko Morogoro, labda iko Lusaka. Nikapata koti moja jeusi zuri, likanikaa kama nilipimwa. Nikalivaa dakika mbili tu, ndipo nikaelewa kwa nini mzungu aliliachia. Ndani lina bitana nene, juu sufu tupu, limeshonwa kwa ajili ya nchi ambayo mtu akipumua nje unaona moshi. Sisi huku Desemba, kaskazi imeanza, kipimajoto kinacheza digrii thelathini na kitu, hewa yenyewe imelowa. Muuzaji ananiambia, "Limekutoa bosi, elfu kumi na tano tu." Nikamwambia limenitoa kweli, limenitoa jasho.

Alhamisi nikajaribu Kariakoo, Mtaa wa Congo, kwenye suti mpya. Kijana akaniita kwa mbali, "Mheshimiwa, Mturuki huyu hapa!" Mimi stoo naitwa "wewe", Kariakoo nimeshakuwa mheshimiwa, hiyo peke yake ilitosha kunijulisha bei. Laki mbili na nusu, akashuka mwenyewe hadi laki na themanini kabla sijafungua mdomo. Chumba cha kujaribia ni kona ya duka na kijana mwingine kashika kanga kama pazia, imeandikwa *Mtasema mchana usiku mtalala*. Suruali ni modo. Nilipoivaa nikashindwa kupiga magoti, nikashindwa kuinama, nikashindwa hata kutoka nyuma ya kanga kwa heshima. Kijana akasema, "Ndiyo fasheni, inatakiwa ikushike." Mimi nimeshashikwa na kodi ya nyumba, ada za shule na mkopo wa VICOBA. Suruali ya nini na yenyewe inishike?

Hapo nikaenda Magomeni kwa baba mkwe. Nilifikiri namtembelea tu, kumbe miguu ilikuwa na ajenda.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Umekonda?"

Ndiyo maana nampenda yule mzee.

Nikamweleza. Akaenda ndani, akarudi na Kaunda suti ya kijivu, mikono mifupi, mifuko minne, imekunjwa ndani ya gazeti na vidonge vya nondo. Akaitandaza kwenye kochi kama mtu anayetandaza hati ya kiwanja. Mzee ni mstaafu wa serikali, na ukimgusa kwenye mavazi utakaa hadi isha. Akaniambia hiyo nguo imepewa jina la Kaunda, aliyeiongoza Zambia kuanzia 1964 hadi 1991, na kwamba watu walijua kutofautisha: hii ni Kaunda, ile yenye kola ya kusimama ni Chou En-lai, jina la waziri mkuu wa China aliyekuja hapa Dar mwaka 1965. Nguo za watu waliofikiri, akasema. Haina tai, haina bitana, kwapa linapumua.

"Mwalimu alikaa na marais wa dunia hana tai shingoni," akasema. "Wewe unakwenda kukaa na nani?"

"Na mhasibu mkuu, baba."

Akaniangalia muda mrefu.

Nikaikataa kwa adabu. Nilijiambia vijana wa masoko watanicheka, wataniita mwenyekiti wa mtaa. Kumbukeni kwamba niliikataa.

Kuna mwenzangu wa stoo, mtu wa Pangani, wiki nzima hiyo analala usingizi wake. Yeye ana kanzu, juu yake koti, kichwani kofia ya viua aliyoirithi kwa babu yake, biashara imekwisha. Harusi, Idd, Ikulu wakimwita, jibu ni lile lile. Nilimwomba aniazime kanzu moja. Akafikiri kwa nia njema kabisa, kisha akasema, "Kanzu nitakupa, lakini mwendo utautoa wapi? Wewe unatembea kama unafukuzia daladala." Ni kweli. Nafukuzia daladala.

Ikabaki suti ya harusi na fundi wa mtaani kwetu Tabata. Fundi huyu ana cherehani moja barazani, futi ya kupimia shingoni, na siku moja tu kwenye kalenda yake. Ukimpelekea nguo Jumatatu anasema njoo Alhamisi. Ukimpelekea Ijumaa, njoo Alhamisi. Kosa la watu wengi ni kutomuuliza Alhamisi ipi. Mimi nilikwenda siku hiyo hiyo ya Alhamisi, usiku, nimetoka Magomeni. Akafikiri, akasema, "Njoo Alham..." nikamkatisha, nikamwonyesha mwekundu wa Msimbazi, noti ya elfu kumi. Akasema kesho kutwa mchana.

Akageuza kiuno cha suruali ndani nje, akapitisha kidole kwenye mshono wa nyuma. "Una bahati. Aliyekushonea aliacha akiba." Kweli, pale ndani kulikuwa na kitambaa kimekunjwa, kimelala tangu 2013. Akafumua kwa wembe, uzi mmoja mmoja, akakifungua, akachora kwa chaki. Inchi mbili na nusu. Nilimpenda yule bwana wa 2013 ambaye aliniangalia siku zile, nikiwa mwembamba kama mshale wa saa, akajua nitaishia wapi.

Jumamosi saa saba mchana nikaichukua. Ikafunga! Kifungo kikaingia tundu bila kuvuta pumzi hata moja. Nikageuka nimwonyeshe mama watoto.

"Baba watoto," akasema taratibu, "hebu geuka tena."

Sasa elewa fizikia yake. Ile akiba iliyolala ndani haijawahi kuona jua, sabuni wala pasi. Bado ina bluu yake ya dukani, nzito kama wino. Suruali nyingine yote imeshafuliwa na kuanikwa miaka zaidi ya kumi, imekuwa na rangi ya sare ya shule iliyovaliwa na kaka watatu. Kwa hiyo nyuma, kuanzia kiunoni kushuka hadi pasipotajwa, kuna ukanda mweusi wa bluu, juu vidole vinne, chini unachongoka. Ni mshale. Mtu amenichora mshale unaoelekeza mahali ambapo mhasibu mkuu hapaswi kuelekezwa.

Nikarudi kwa fundi mbio. Hakunyanyua hata macho. "Koti litafunika. We usilivue tu."

Nikapiga hesabu. Hotelini kuna kiyoyozi. Hoteli gani ya hadhi haina kiyoyozi? Nitakaa na koti hata hadi asubuhi, tena kwa raha. Moyo wangu wote nikauweka kwenye kiyoyozi.

Nauli ya bajaji hadi huko ufukweni niliambiwa elfu ishirini na tano. Nikamuuliza dereva kama tunapitia Chalinze. Nikapanda daladala hadi Mwenge, nimesimama, koti limefungwa vifungo viwili, saa kumi na moja na nusu jioni. Ukivaa suti kwenye daladala Dar es Salaam unakuwa mmoja wa watu watatu: mchungaji, bwana harusi aliyekimbiwa na gari, au wale wa "una dakika tano nikuonyeshe biashara?" Konda alichagua la kwanza. "Mchungaji, sogea nyuma kidogo wana wa Mungu waingie." Mama mmoja akanipisha kiti. Nilikaa kwa aibu, nikambariki kimoyomoyo. Tunafika Mwenge, kola ya shati ilishajisalimisha.

Saa moja kamili nilikuwa getini. Tulikuwa watu wawili, mimi na mpiga muziki anayevuta nyaya. Wengine wakaanza kuingia saa mbili na nusu, wakavu, wametoka kwenye magari yenye baridi.

Na ukumbi? Mlinzi akaninyooshea kidole: pitia hapo pembeni, nenda hadi mwisho, kwenye mchanga. Maturubai meupe, viti vimefungwa riboni, taa za rangi kwenye minazi. Nje. Ufukweni. Neno lilikuwepo kwenye ujumbe tangu Jumanne, nimelisoma mara kumi, na mara zote kumi nilikuwa nashangaa neno hadhi.

Upepo hakuna. Bahari imetulia kama chai iliyosahaulika. Akina dada na satini zao wanazama visigino mchangani hatua moja baada ya nyingine, wanashikana mikono kama vipofu. Nikaona kumbe kila mtu na msalaba wake.

Ndipo akaingia mkurugenzi. Nitawaambia alivaa nini? Kaunda suti. Ya kijivu. Mikono mifupi, mifuko minne. Watu wakasimama. "Bosi umetokelezea!" Vijana wa masoko, wale wale, wakapiga naye picha, mmoja akamuuliza fundi wake yuko wapi. Mimi nilikuwa nimeketi, jasho linashuka mgongoni kwa mstari, nadhani lilikuwa linaufuata ule mshale.

Baada ya chakula MC akachukua maiki. "Wanaume wote, vueni makoti, tunafungua muziki!" Makoti yakaruka kwenye viti. Ishirini na sita. Jamaa wa uhasibu, mtu mwema asiyejua mipaka, akaja nyuma yangu akashika kola anisaidie kulivua.

"Niache ndugu yangu, nina homa."

"Homa na jasho lote hili?"

"Ndiyo homa yenyewe."

Nikacheza na koti. Nilicheza nikiwa nimeupa mgongo mnazi, nikayumba kushoto kulia tu, mikono chini nimeshika pindo za koti kwa adabu. Dada wa utumishi alikuwa ananiangalia. Anaandika kitu kwenye simu. Nikajua ndiyo hiyo Jumatatu yenyewe.

Saa tano usiku MC akatangaza tuzo ya mavazi. "Kuna mtu mmoja ameheshimu agizo mwanzo hadi mwisho. Wenzake wamevua, yeye hakuvua. Mtu wa stoo, njoo hapa mbele!"

Nikapita katikati ya makofi.

"Hebu geuka tukuone!"

Nikageuka. Polepole, mikono nyuma, nimezivuta chini zile pindo kama mtu anayefunga duka mvua ikianza. Wakashangilia. Mkurugenzi akanipa mkono, akaguswa na unyevu wa kiganja changu, akanipa bahasha ya khaki yenye utepe.

Ndani kulikuwa na kitambaa cha suti, mita tatu na nusu, bluu nzito.

Nimeshakipeleka kwa fundi. Nimemwambia aache akiba, tena ya kutosha. Amepima, ameandika, amesema nije Alhamisi.