Wakala wa viza ya ndoa: kazi anayoiweza na kauli asiyofaa kuachiwa

Hapa Mombasa, anayemlipa wakala amwandalie maombi ya viza ya kumfuata mume au mke Uingereza huhesabiwa kuwa mjinga, au mtu mwenye jambo la kuficha. Hukumu hiyo hutolewa zaidi na waliosoma, ambao fomu ndefu ya Kiingereza haiwatishi, na ambao wamesikia, kama sisi sote, habari za ofisi kufungwa ghafla huku pasipoti za watu zikiwa zimebaki kabatini. Hofu yao ina msingi. Ila naona wanamlaumu mteja kwa kutafuta msaada, na kwa kufanya hivyo wanaacha kumwonya juu ya hatari iliyo kubwa zaidi, ya wakala kuandika uongo kwa jina la mteja, ambayo haina haja ya ofisi kufungwa wala pasipoti kupotea.

Anayesema kwamba viza ya mwenzi ni fomu tu ya kujaza mtandaoni pengine hajapata kuliona faili lenyewe. Tangu tarehe 11 Aprili 2024, mwenzi aliyeko Uingereza hutakiwa kuonyesha kipato kisichopungua pauni 29,000 kwa mwaka, kutoka pauni 18,600 zilizokuwa zikitakiwa tangu 2012. Aliyeajiriwa na mwajiri mmoja kwa miezi sita au zaidi hutoa hati za mshahara za miezi hiyo, taarifa za benki za miezi ile ile zinazoonyesha mshahara ukiingia, na barua ya mwajiri, na ushahidi wa karibuni zaidi usiwe umepitwa na siku 28 kabla ya ombi kuwasilishwa. Kwa upande wetu kuna mtihani wa Kiingereza wa kiwango cha A1, yaani cha mwanzo kabisa, kipimo cha kifua kikuu katika kliniki iliyoidhinishwa, cheti cha ndoa, na ushahidi kwamba wawili hao wamewahi kuonana ana kwa ana na kwamba ndoa yao ni ya kweli na bado ipo. Hakuna sharti hata moja kati ya hayo linalohitaji akili ya ajabu. Ugumu uko katika kuyafanya yote yakubaliane kwa tarehe, kwa majina na kwa senti, yawe yametoka nchi mbili, kwa muda ule ule.

Na majina ndiyo huwachosha watu wa Pwani. Mwanamke ana majina matatu katika kitambulisho, pasipoti yake ina mawili, cheti cha ndoa kimemwandika binti wa fulani, na cheti cha kuzaliwa kilichukuliwa ukubwani kikiwa na tahajia nyingine ya jina la babu. Kwa jirani zake huyo ni mtu mmoja asiye na utata wowote. Kwa afisa anayesoma faili akiwa mbali, hao wanaweza kuwa watu wawili. Tena wengi wetu tumeozeshwa na sheikh wa mtaa, mashahidi wakaketi, mahari yakatajwa, na ndoa ikawa ndoa mbele ya Mungu na jamaa. Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 inaitambua ndoa ya Kiislamu, lakini inataka isajiliwe, na afisa wa viza atataka kukiona cheti. Wakala aliyeshika mafaili ya namna hii kwa miaka kadhaa huuliza habari ya cheti siku ya kwanza, kabla ada haijalipwa. Mteja aliye peke yake anaweza kuligundua pengo hilo baada ya kukataliwa.

Gharama ya kugundua kwa kuchelewa ndiyo inayonifanya nisimcheke anayelipa. Ada ya ombi hili kwa aliye nje ya Uingereza ilifikia pauni 1,938 mwezi wa Aprili 2025. Juu yake kuna tozo ya huduma za afya, pauni 1,035 kwa mwaka tangu Februari 2024, inayolipwa ya miaka mitatu kwa mkupuo, yaani pauni 3,105. Kwa ada hiyo ya 2025, jumla ilikuwa pauni 5,043. Hata tukiihesabu pauni kwa shilingi 160 tu, hizo ni zaidi ya laki nane, kabla ya nauli ya Nairobi, mtihani na kipimo. Ombi likikataliwa, tozo ya afya hurudishwa, ada hairudi. Laki tatu na ushei huenda kwa sababu ya hati moja ya mshahara isiyolingana na taarifa ya benki, au kwa barua ya mwajiri iliyosahau kutaja mtu ameajiriwa tangu lini. Anayemlipa karani mzoefu sehemu ndogo ya kiasi hicho ili apekue karatasi hizo moja moja anafanya hesabu ya busara, sawa na mababu zetu waliomlipa mwandishi wa barua aliyejua lugha ya ofisi ya serikali.

Wanaopinga wana hoja tatu, na mbili kati yake sihitaji kuzijadili kwa kirefu. Kwamba mwongozo wote uko wazi kwenye tovuti ya serikali ya Uingereza, bila malipo, ni kweli, na wenzi wawili wanaosoma Kiingereza kwa utulivu, mmoja akiwa na kazi moja ya mshahara na ndoa yao ikiwa na cheti safi, hawana haja ya mtu wa tatu. Kwamba wako mawakala wanaouza “mtu wa ndani” ni kweli vilevile. Mtu huyo hayupo. Kampuni inayopokea nyaraka na kuchukua alama za vidole haiamui lolote. Uamuzi ni wa maafisa wa Wizara ya Mambo ya Ndani ya Uingereza. Anayelipia njia ya mkato kwa ubalozi amenunua hewa.

Hoja ya tatu ni nzito zaidi: wakala huyu anawajibika kwa nani? Ndani ya Uingereza, Sheria ya Uhamiaji na Hifadhi ya mwaka 1999 inakataza mtu asiye na sifa kutoa ushauri wa uhamiaji kama kazi, na mamlaka inayowasimamia washauri, ambayo tangu Januari 2025 inaitwa Immigration Advice Authority, huweka orodha ambayo yeyote anaweza kuitazama. Mkono wa sheria hiyo haufiki kwenye ghorofa ya pili ya jengo la Moi Avenue hapa Mombasa. Kwetu, mawakala wa ajira za ng'ambo husajiliwa na Mamlaka ya Taifa ya Ajira, na cheti hicho kikitundikwa ukutani humpa mteja wa viza ya ndoa imani isiyo mahali pake, kwa kuwa kinahusu kupeleka watu kazini. Hakisemi lolote kuhusu kanuni za wenzi.

Lakini hata wakala mwaminifu, mwenye ofisi ya miaka na majirani wanaomjua, anaweza kumwangusha mteja wake kwa jambo ambalo sioni likizungumzwa vya kutosha. Kanuni za uhamiaji za Uingereza zinamruhusu afisa kukataa ombi lililotiwa kauli, taarifa au hati za uongo, iwe mwombaji alijua au hakujua. Mwaka 2010 Mahakama ya Rufani ya huko, katika kesi ya AA, raia wa Nigeria, ilieleza kwamba uongo unaokusudiwa ni ule wenye udanganyifu ndani yake, wala si kosa la bahati mbaya. Ila udanganyifu huo si lazima uwe wa mwombaji mwenyewe. Maana yake ni kwamba wakala akidanganya, mwenye jina kwenye fomu ndiye anayebeba mzigo, naye hujikuta akieleza kwamba hakuhusika, akiwa huku Kisauni, Mombasa, mbele ya afisa asiyemwona.

Tuchukue mfano wa mwanamke aliyewahi kuolewa akaachwa, na talaka yake haikupata kusajiliwa kwa Kadhi. Wakala anaona kuipata hati hiyo kutachukua muda, naye anataka faili liondoke. Anamwandika kuwa hajapata kuolewa, kwa nia anayoiona nzuri, ya kumpunguzia mteja usumbufu. Asichokijua, kwa kuwa hakuuliza, ni kwamba mwanamke huyo aliomba viza ya matembezi miaka mitano nyuma, na katika fomu ile alijaza kuwa ametalikiwa. Fomu ya zamani bado iko. Pengo la karatasi ambalo lingezibwa kwa miezi miwili ya kufuatilia mahakamani sasa limekuwa suala la ukweli wa mtu. Haki ya kukata rufaa kwa misingi ya haki za binadamu ipo, na aliye nje ya Uingereza ana siku 28 za kuiwasilisha, lakini rufaa ni gharama nyingine na ni kungoja upya, na fomu nyingi za viza atakazojaza baadaye zitamuuliza kama amewahi kukataliwa, na kwa nini.

Hapo ndipo ninapotofautiana na ushauri maarufu wa kumlipa wakala “viza ikitoka”. Unaonekana kumlinda mteja, lakini hebu tuufuate hadi mwisho. Wakala asiyepata kitu ombi likikataliwa ana kila sababu ya kulipamba faili: kuongeza picha, kutunga historia ya uchumba, kuficha kukataliwa kwa zamani. Tena hasara akigundulika si yake. Anapoteza malipo ya faili moja, na mteja anapoteza jina. Afadhali alipwe kwa kazi iliyoonekana, sehemu akianza na sehemu faili likikamilika, kabla ya uamuzi wowote.

Jingine linaonekana dogo: barua pepe. Mawakala wengi hufungua akaunti ya ombi kwa anwani yao na nywila yao, kwa madai ya kurahisisha. Kuanzia hapo maswali ya afisa, maombi ya nyongeza ya nyaraka na hata uamuzi wenyewe huingia kwa wakala, na mwombaji anaweza kusafiri hadi Nairobi kutoa alama za vidole bila kuwahi kuisoma fomu iliyotiwa sahihi kwa jina lake. Mwombaji akiwa na anwani yake, akiishika nywila, na akaisoma fomu yote kabla ya kulipa, kwa kutafsiriwa na ndugu ikibidi, ule mfano wa talaka hapo juu ungekwama siku hiyo hiyo.

Mwenye jambo zito katika historia yake, kama kukataliwa, talaka isiyo na hati, au mwenzi aliyejiajiri mwenye kipato kisichotabirika, anahitaji mshauri wa sheria, na hapo mume au mke aliyeko Uingereza ndiye aliye karibu na orodha ya waliosajiliwa. Wakala wa Mombasa anaweza kuendelea na kazi yake ya kukusanya vyeti, kulinganisha majina na kufuata ofisi, na mshauri wa huko akaandika hoja. Ni gharama mbili, najua, na si kila mtu anazo. Asiye nazo ni heri aahirishe ombi mpaka hati ya Kadhi itoke.