Meuse nimeiona, lakini Ruzizi haijashindwa

Ndugu zangu wa Bukavu, mashariki mwa Congo, hawaishi kuniuliza kama Ubelgiji ndiko kuzuri. Kwa uzuri wa nchi, hapana. Kwa barabara na kwa kuwakumbuka watu wao, wametuacha mbali, na hilo ndilo linaloniuma.

Majuzi tulipita kwa gari kando ya mto Meuse, hapa Ubelgiji, kutoka mji wa Namur hadi Dinant. Ni kama kilomita 30 tu, lami safi, mto ubavuni. Namur ina ngome kilimani, pale Sambre unapoingia Meuse. Dinant imebanwa kati ya mwamba na maji. Adolphe Sax, aliyeunda saksofoni, alizaliwa hapo mwaka 1814, basi darajani wamepanga saksofoni kubwa za rangi. Watoto wanazipenda.

Mimi nilikawia kwenye mnara wa kumbukumbu. Tarehe 23 Agosti 1914 askari wa Ujerumani waliua raia wengi mjini humo. Wafu wanaohesabiwa ni 674, na majina yao yameandikwa, mtu akipita anayasoma. Ukoo mmoja unakuta majina yamefuatana, baba na wana. Nikawafikiria watu wetu. Jimbo letu la Kivu Kusini limezika wangapi ambao hakuna mahali popote jina lao limeandikwa?

Sasa shikeni njia ya kutoka Bukavu kwenda Uvira. Ruzizi, mto wetu, inatoka Ziwa Kivu, mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, inaporomoka magengeni hadi Tanganyika, karibu mita 700 chini, kwa kilomita 117 hivi. Meuse ya kule Dinant imetulia, haina nguvu hiyo. Ukishuka mteremko wa Ngomo bonde zima linafunguka mbele yako, na koti ulilovaa Bukavu unalivua kabla ya mji mdogo wa Kamanyola, kule bondeni. Na Kamanyola yenyewe! Mapigano ya hapo ya mwaka 1964 Mobutu, rais wetu wa zamani, aliyatukuza hadi akaita divisheni ya jeshi na meli yake kwa jina hilo. Ni kijana gani wa leo anayesimuliwa habari hiyo akipita pale?

Lakini barabara ya Ngomo ni nyembamba, upande mmoja korongo. Lori likishindwa mlima, msaidizi wa dereva anaruka na jiwe mkononi kuliwahi gurudumu la nyuma. Ndiyo maana wengi walizoea kuvuka mpaka, kushuka kwa lami ya Rwanda hadi Bugarama, kisha kurudi Congo pale Kamanyola. Nchi kubwa kama yetu, mtu aombe njia kwa jirani ili afike mji wa jimbo lake mwenyewe! Baridi ya huku naivumilia, hilo silivumilii.

Vita ikituachia nafasi, kazi ianzie Ngomo, kabla ya hoteli zozote za ziwani. Na sisi wa nje, tunaotuma pesa za harusi na matanga, tuulize kwa sauti kila mwaka: barabara hii imepewa nani, kwa pesa gani, na itaisha lini?