Tapestri za Hardwick Hall: zirudi ukutani au zibaki gizani?

Mwaka 2023 tapestri ya mwisho kati ya 13 za kisa cha Gideoni wa Biblia ilirudishwa katika Hardwick Hall, Derbyshire, Uingereza. Tapestri ni kitambaa kikubwa cha picha zilizofumwa, cha kutundikwa ukutani; hizi ni za sufu na hariri. Kazi ya kuzihifadhi ilichukua miaka 24 na kugharimu pauni milioni 1.7. Sasa zimetundikwa katika nyumba inayosifika kwa ukubwa wa madirisha yake, na wapo wanaoona huko ni kuzirudisha motoni.

Hoja yao ni nzito. Kikomo cha kawaida cha mwanga kwa sufu na hariri ni luksi 50 (luksi ni kipimo cha ukali wa mwanga) kwa saa 3,000, yaani luksi-saa 150,000 kwa mwaka. Jua kali la moja kwa moja hupita luksi 50,000. Mbao za kufungia dirisha zikisahaulika wazi kwa saa 3 tu, mgawo wa mwaka mzima umekwisha. Utando wa plastiki kwenye vioo huzuia mionzi ya urujuanimno, lakini mwanga uliobaki nao hupausha rangi, na rangi iliyopauka hairudi.

Kisha kuna uzito. Tapestri ikitundikwa, nyuzi za mtande, zile imara za msingi, hulala mlalo, hivyo mzigo wote huangukia mshindio, yaani nyuzi za rangi zinazopitishwa kati yake, wenye hariri iliyochoka. Hariri hukatika kwanza; hufuata sufu ya kahawia iliyokolea, ambayo dawa ya chuma iliyotumiwa kushikisha rangi huila polepole. Kitani kinachoshonewa nyuma hupunguza mzigo huo, hakiuondoi.

Lakini ghala nalo lina hatari zake. Nondo wa nguo hupenda sufu, giza na mahali pasipoguswa, na mabuu yake hujificha ndani ya kitambaa kilichoviringishwa. Tiba ni kukifunga kwenye plastiki na kukigandisha kwa nyuzijoto 30 chini ya sifuri kwa saa 72, kisha kusubiri kirudi kwenye joto la chumba ndipo mfuko ufunguliwe, vinginevyo unyevu wa hewani hutonea kwenye nyuzi. Friza ya kumeza tapestri iliyoviringishwa yenye urefu wa karibu mita 6 haipatikani kila mahali. Tena, kuta za kutosha tapestri zote 13 kwa mfuatano, zaidi ya mita 70, ni chache mno.

Nakubaliana na waliozirudisha, kwa masharti: unyevu wa hewa ubaki kati ya asilimia 50 na 65 hata wageni wakitetemeka kwa baridi, maana kuongeza joto hukausha hewa, mwanga upimwe na kuandikwa kila siku, na mbao za madirisha zifungwe mara wageni wakitoka. Bajeti ya wafanyakazi wa kufanya hayo ikikatwa, ziteremshwe.