Makayabo ya ng'ombe juu ya Nyiragongo

Kosa langu halikutokana na ujinga. Mambo ya chumvi nayajua, ndiyo maana kichekesho hiki kinaniuma mpaka leo.

Tulikuwa watu watano wa Goma tukijiandaa kulala usiku mmoja juu ya Nyiragongo, kabla mlima haujatema moto ule wa Mei 2021. Kule juu hakuna frigo wala soko, basi nikajitangaza waziri wa nyama. Nilinunua kilo 2 za paja la ng'ombe, nikaondoa mafuta yote, maana mafuta huchacha hata ukiyazika kwenye chumvi. Nikakata vipande virefu vya unene wa sentimita 1 kwa kufuata nyuzi za nyama, nikavianika siku tatu chini ya chandarua, mbali na nzi na vumbi la barabara yetu. Jioni niliviingiza ndani, kwa sababu umande hurudisha maji yote uliyoyafukuza mchana. Kipande kikikunjwa kikapasuka bila kukatika, basi kimekauka. Nikavifunga kwa kitambaa. Sashe ya nailoni niliwaachia wapenda ukungu.

Sasa chumvi. Nyama ya kutafuna njiani inataka gramu 25 mpaka 30 kwa kilo. Mimi zile kilo 2 nilizitilia gramu 600! Hicho ni kipimo cha kuweka nyama miezi, ile ambayo kabla ya kuila unailoweka usiku kucha na kubadilisha maji mara tatu. Nilijua. Nikajiambia tutailoweka hukohuko.

Mama Neema alionja kipande, akakitoa mdomoni, akakitazama.

"Papa Neema, hii ni nyama ao makayabo, ile samaki ya chumvi? Na maji ya kuilowanisha itatoka wapi?"

"Mama, mulima wa mita 3,470 unaweza kukosa maji?"

Unaweza. Mvua inanyesha sana, lakini mawe ya volkano yana matundu, yanainywa yote. Hakuna kijito njiani wala kisima juu. Kila tone unapanda nalo mgongoni kutoka Kibati, pale njia inapoanzia. Tulikuwa na lita 3 kila mtu, jumla 15.

Kwenye kipumziko cha pili nikagawa nyama kwa ukarimu wa bwana harusi. Midomo ikakunjamana. Mmoja alikunywa nusu lita papo hapo, akaniuliza kwa upole kama nina deni naye. Mwendo wa saa tano ulipokwisha, tukiwa ukingoni mwa shimo, zilibaki lita 6, na kesho kuna kushuka.

Kuloweka usiku kucha, kubadilisha maji mara tatu: hesabu hiyo hata sikuitamka. Baraza la wenye kiu likanipa lita 1. Nikawasha makala kwenye mbabula, nikateleka. Maji yakachemka upesi, nikaanza kujisifu. Kumbe kwenye urefu ule maji huchemka kwenye nyuzi 88 hivi: mapovu ni mengi, kuivisha ni kidogo. Baada ya saa moja na nusu makala yaliisha, na nyama ilikuwa ndala iliyopikwa. Supu haikunyweka kwa chumvi, wala haikumwagika kwa roho, kwa sababu ndiyo ilikuwa maji yetu.

Na mbele yetu, mamia ya mita chini, ziwa la moto la zaidi ya nyuzi 1,000 linatokota bure. Mzee aliyetubebea makala alichungulia shimoni, akachungulia sufuria.

"Mukubwa, moto iko kule. Weye uliteleka huku."

Tuliokolewa na fromaji, yaani jibini, ya Masisi. Mama Neema alikuwa ameificha chini ya mkoba wangu, boli nzima na mikate sita, bila kuniambia neno. Ile haitaki frigo wala maji. Inataka kisu tu. Walikula wakinitazama. Nami nikala nikitazama moto.

Asubuhi tukashuka kwa vifuniko viwili vya maji kila kipumziko. Nyama nilirudi nayo karibu yote. Pale Kibati mbuzi mmoja akanusa mkoba wangu, akaanza kuulamba, halafu wakaja wenzake watatu. Motari, dereva wa pikipiki, alikataa kuondoka mpaka acheke vizuri, na wale mbuzi wakatukimbiza karibu mita 200 kwenye barabara ya Rutshuru.