Nne kwa Nne

Ukitaka kujua mtaani kwako kuna wakunga wangapi, ngoja mbwa wako ashike mimba. Malkia alipoanza kuning'iniza tumbo walijitokeza kila kona, wengi wao wanaume, na kila mmoja alikuwa na wazo la mahali pa kuzalia.

Malkia kwa mama ni jemani shepadi. Kwa baba hatujui. Na baba wa hao watoto tulimshuku mmoja wa sikio moja anayeshinda pale buchani. Mimba ya mbwa huchukua siku kama 63, yaani miezi miwili na chenji, na sisi tulipoishtukia ilikuwa imebaki chenji.

Mlinzi wetu alisema mbwa haandaliwi chochote, atachimba shimo nyuma ya migomba, ndivyo walivyofanya mbwa wa babu yake. Nikamkumbusha kwamba huu ni mwezi wa saba, na Arusha ya mwezi wa saba yeye mwenyewe anailinda akiwa ndani ya makoti mawili. Jirani anayefuga kuku wa kisasa alileta taa yake ya vifaranga, hilo lilikuwa jambo la maana, halafu akaleta na gunia la maranda ya kutandika chini. Shemeji yangu alikuja na friji. Friji ilikufa zamani, akasema tuilaze chali, tung'oe shelfu, joto halitoki humo hata kidogo. Nikamuuliza na hewa je? Akasema hewa tutaitafuta.

Mke wangu alisema boksi la televisheni linatosha na akaendelea kuchambua mchele.

Ikabidi nimwite bwana mifugo wa kata. Yule mzee hacheki ovyo. Alilitazama boksi akasema litalowa usiku wa kwanza, maana mbwa akizaa maji ni mengi. Akaitazama friji, hakusema kitu. Maranda akayakataa: mtoto wa mbwa huzaliwa mbichi, vumbi la mbao litamganda puani na mdomoni. Kisha akanipa vipimo, nami nikaandika nyuma ya risiti. Mama lazima aweze kujinyoosha mwili wote na kugeuka, kwa hiyo sentimita 120 kila upande. Kuta za sentimita 45 hivi, ila upande mmoja uwe mfupi, wa vibao vya kuongeza kimoja kimoja watoto wakikua, ili mama atoke na wao wasitoke. Rangi hapana, vanishi hapana, kwa sababu atatafuna. Na kuzunguka ndani, sentimita kumi kutoka chini na kumi kutoka ukutani, ipite reli.

"Reli ya nini?"

"Mama akilala hujisukuma ukutani. Mtoto akiwa nyuma ya mgongo wake, amekwisha. Reli inamwachia nafasi ya kupumulia."

Nilimpenda mzee huyu. Nikaenda kwa fundi.

Fundi wetu ni mtu wa vitanda. Ukimwagiza stuli atakuuliza ni tano kwa sita au nne kwa sita. Nilipomwambia sentimita 120 kwa 120 alipiga hesabu kidogo kwenye kiganja, akainua uso. "Nne kwa nne? Mzee, nani analala nne kwa nne?" Nikamwambia Malkia. Akanitazama kwa muda, akaniuliza kwa sauti ya chini kama Mama nyumbani anajua.

Nilimweleza yote, na lazima nimtendee haki: kila nilichomwambia alikifanya. Vipimo vilikuwa sawasawa. Reli aliitoa kwenye mbao ya mtiki iliyobaki kwenye mlango wa mtu, akaikaza kwa skrubu na gundi, akaipanda kwa miguu kuniridhisha kwamba haitikisiki. Lakini kitanda kilikuwa kwenye damu. Aliongeza kichwa. Ndiyo, ubao wa kichwani, umechongwa maua na njiwa wawili wanaotazamana, kama vile vya maharusi. Kwa sababu ya njiwa hao sanduku halikupita mlango wa stoo, hata tulipoliweka kiubavu. Likabaki sebuleni, nyuma ya sofa.

Malkia alilinusa, akaenda kulala chini ya meza.

Bwana mifugo alikuwa amenionya kwamba mbwa apewe wiki moja au mbili za kulizoea sanduku. Fundi alikuwa amenipa ahadi za Jumatatu tatu mfululizo, kwa hiyo wiki hizo alikuwa amekaa nazo yeye. Nilitandika blanketi la mitumba juu ya magazeti, nikaweka nyama, Malkia akaingia, akala nyama, akatoka. Nikagundua kwamba nikiingia mimi anaingia, nikitoka anatoka. Ikawa jioni mimi na mbwa tunakaa ndani ya sanduku, njiwa juu yetu, tunatazama taarifa ya habari.

Ijumaa usiku joto lake likashuka. Mbwa huwa na nyuzi 38 na ushee, likiteremka chini ya 37 basi jiandae, ni ndani ya siku moja. Kipimajoto cha mbwa hakiwekwi kwapani. Mlinzi alikataa kushika mkia, akasema haimo kwenye makubaliano yetu. Tuliache hapo.

Mke wangu alinikumbusha kwamba kesho asubuhi jumuiya inasali kwetu, saa kumi na mbili, na mimi ndiye mweka hazina. Nikamwambia kufikia saa hiyo yote yatakuwa yamekwisha.

Mnamo saa tano Malkia alianza kuhema na kukwangua blanketi. Nikaingia, nikanyoosha miguu, naye akaingia. Akazunguka mara kadhaa akitafuta pa kulala, na alipopapata alijitupa chini na mgongo wote akausukuma kwenye muundi wangu. Mguu ukateleza chini ya reli, vidole vikachomoka kwa nyuma, kati ya reli na ukuta. Nikajaribu kuurudisha. Ili urudi ilibidi nishushe vidole, na ili nishushe vidole ilibidi nisogeze goti, na juu ya goti kulikuwa na kilo thelathini na kitu za mbwa mwenye uchungu. Nilipomgusa kumsukuma aliunguruma, yeye ambaye hajawahi kunionyesha jino. Wa kwanza akaanza kutoka.

Nafasi ya kupumulia ya sentimita kumi inamtosha mtoto wa mbwa. Kisigino cha mtu mzima kinaingia, hakitoki.

Nikamwita mke wangu. Alikuja na tochi, maana wakati huohuo umeme ulikatika, na taa ya vifaranga ikazimika nayo. Akanimulika usoni, akamulika mguu, akamulika njiwa. Alicheka mpaka akakaa kwenye mkono wa sofa. Kisha akanyamaza ghafla, nikajua kuna jambo linakuja.

"Watoto wangu watatu," akasema. "Wa kwanza ulikuwa Babati. Wa pili ulikuwa kwenye semina. Wa tatu ulikuwa getini mwa hospitali ukitafuta chenji ya bodaboda. Leo ndiyo nakuona leba."

Sikuwa na la kujibu. Angalau alinihurumia kuhusu baridi. Watoto wa mbwa wiki ya kwanza hawajui kujitunzia joto, wanahitaji nyuzi kama 30 hivi, na sebule yetu usiku ule haikufika hata nusu yake. Jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa hatukuthubutu, linaua kimyakimya. Akachemsha maji kwa gesi, akajaza chupa za plastiki, akazifunga na khanga, akazipanga pembeni yangu. Akaniwekea blanketi mabegani, akaenda kulala. Simu ya fundi ilikuwa haipatikani.

Kusema kweli Malkia hakuhitaji mkunga. Alipasua mfuko, akakata kitovu kwa meno, akalamba mpaka mtoto akalia, akala kondo lake, akapumzika nusu saa au saa, akaanza tena. Mimi nilikuwa fanicha. Wa tatu alipotea njia, akapanda tumboni kwangu gizani, akakuta kifungo cha shati, akakinyonya kwa bidii ambayo sijaiona kwa wanangu. Nilimwelekeza panapohusika. Akarudi kwenye kifungo.

Nadhani nilisinzia. Kilichoniamsha ni hodi, na sauti ya mama mwenyekiti wa jumuiya: "Tumsifu Yesu Kristo!"

"Milele amina!" nikajibu. Ni mazoea, mdomo huwa hausubiri akili. Wakaingia wote, na rozari zao na masweta yao, wakakaa kwenye viti vilivyopangwa, wakawa wanamtafuta aliyeitikia. Mtoto mmoja alichungulia nyuma ya sofa. "Mama, mweka hazina yuko kitandani na mbwa."

Walisimama wakaja kutazama, wakawazunguka njiwa. Mama mwenyekiti hakutikisika. Aliuliza kama naweza kusali nikiwa hapo, nikasema naweza, akaanzisha. Jumamosi ni matendo ya furaha. Kwenye tendo la tatu, Yesu anazaliwa Betlehemu, Malkia akajikaza akatoa wa nane, na kuanzia hapo sala ile ilisaliwa na watu wenye mabega yanayotetemeka. Baada ya sala michango ililetwa kwangu sandukuni. Daftari nililiandikia juu ya reli.

Fundi naye ni mwanajumuiya, na alikuwa amechelewa. Alipofika aliinama, akaukagua mguu, akagonga reli kwa kifundo cha kidole. "Haijatikisika hata kidogo," akasema kwa furaha. Nikamwambia aikate. Akasema hiyo ni kazi nyingine, halafu ni mtiki, msumeno utachakaa. Tulipatana bei mbele ya jumuiya nzima, mama mwenyekiti akiwa mwamuzi, na mwamuzi hakuwa upande wangu.

Mke wangu alimwita Malkia nje kwa uji wa maziwa, watoto wakahamishiwa kwenye kapu la michango, fundi akakata. Mguu ulitoka umevimba na umechorwa mistari ya skrubu.

Kabla ya chai kwisha watoto sita walikuwa wameshaombwa. Fundi alichagua dume nono lenye doa kifuani, akasema hayo ndiyo malipo yake ya kukata reli, atakuja kumchukua akitimiza wiki nane. Pesa ya kuipigilia bado ananidai.