Nani aliiua saa ya Waltham?

Skrubu ya saa ya mfukoni ni ndogo kiasi kwamba ukipiga chafya imepotea. Zamani fundi aliichonga moja moja kwa mkono, na ya saa hii haikuingia kwenye saa ile. Mwaka 1876, kwenye maonyesho ya Philadelphia, kampuni ya saa ya Waltham kutoka Massachusetts, Marekani, ilileta mashine iliyokuwa ikizitema skrubu hizo yenyewe, watu wakitazama. Mmoja wa waliotazama kwa hofu ni Jacques David, mhandisi wa kampuni ya saa ya Longines, aliyetumwa na wenye viwanda wa Uswisi. Ripoti aliyowapelekea wenzake haikuwa na mafumbo: tukipuuza mashine hizi, tumekwisha.

Mwaka 1957 aliyeacha kutengeneza saa ni Waltham.

Wapo wanaosema kampuni iliuawa na bidhaa za Uswisi, serikali ya Marekani ikiwa imefungua mlango. Hoja hiyo ina uzito. Mkataba wa biashara wa 1936 ulipunguza ushuru wa saa za Uswisi. Vita Kuu ya Pili ilipofika, viwanda vya saa vya Marekani viligeuzwa kuwa vya vifaa vya kijeshi, na Waswisi, wasiopigana na mtu, wakaendelea kuwauzia Wamarekani saa. Mwaka 1949 Waltham ilikuwa mahakamani, imefilisika. Rais Eisenhower alipopandisha ushuru mwaka 1954, maji yalikuwa yameshazidi unga.

Naikubali nusu tu. Mwanzoni mwa miaka ya 1920, kabla ya mkataba na kabla ya vita hiyo, Waltham ilikuwa tayari hoi kwa madeni. (Si mara ya kwanza: kampuni iliyoizaa ilipigwa mnada mwaka 1857, na Aaron Dennison, mwenye wazo la kutengeneza saa kwa mashine, hatimaye aliishia Birmingham, Uingereza, akitengeneza makasha ya saa.)

Mimi naona tatizo lilianzia kwenye ile sifa yenyewe ya mashine zake. Baada ya treni mbili kugongana huko Kipton, Ohio, mwaka 1891, ajali iliyohusishwa na saa iliyochelewa dakika 4, kampuni za reli zilikaza masharti ya saa za wafanyakazi wao. Waltham ikapata soko la uhakika: saa kubwa ya mfukoni, imara, isiyobadilika mwaka hadi mwaka. Mashine ya bei mbaya hulipa ikitoa kitu kilekile maelfu kwa maelfu. Kumbe askari waliotoka kwenye mahandaki ya 1914 hadi 1918 walikuwa wameshazoea kuifunga saa mkononi, na karakana ndogondogo za Uswisi ziliweza kubadili umbo na ukubwa upesi kuliko jengo zima la Waltham.

Hapo ningefunga kesi, isipokuwa Hamilton inanisumbua. Kampuni hiyo ya Lancaster, Pennsylvania, ilipita kwenye ushuru uleule na vita ileile, ikatengeneza kronomita (saa sahihi sana za kuongozea meli) za jeshi la majini la Marekani, ikaendelea kutengeneza saa Marekani hadi 1969. Kwa hiyo Waltham ilijiponza. Lakini hata Hamilton, iliyojitahidi kuliko wote, ilinunuliwa na Waswisi, na leo saa zake zinatengenezwa Uswisi.