Bursaspor: ubingwa wa 2010 ndo uliowamaliza, au walijimaliza wenyewe?

Jumapili tarehe 16 Mei 2010, uwanja wa Fenerbahçe pale Kadıköy, Istanbul. Mechi yao ya mwisho wa msimu wa ligi kuu ya Uturuki, na Trabzonspor, imeisha 1-1, mara mtangazaji wa uwanja anashika maiki anasema huko Bursa nako ngoma imelala 2-2, maana yake Fenerbahçe ni bingwa. Watu wakamwagika uwanjani, wanakumbatiana, wanalia kwa furaha. Kumbe hakuna 2-2 yoyote. Bursaspor, timu ya mji wa Bursa, walikuwa wameshampiga Beşiktaş 2-1 nyumbani kwao, wana pointi 75, Fener 74. Habari yenyewe ilivyowafikia, sherehe ikageuka vurugu na viti vya uwanja vikaanza kuwaka moto.

Namba za magari ya Bursa zinaanza na 16, na ubingwa ukaja tarehe 16, basi watu wa kule mpaka leo wanakwambia ilikuwa imeandikwa. Tangu ligi ya taifa ya Uturuki ianze 1959 timu za nje ya Istanbul zilizowahi kuchukua ubingwa ni mbili tu, Trabzonspor na hawa. Sasa njoo 2024, miaka 14 tu baadaye, bingwa yuleyule yuko daraja la nne. Hakuna bingwa mwingine wa Uturuki aliyewahi kufika chini hivo. Na hapo ndo ubishi unapoanza, kuna wanaosema ubingwa wenyewe ndo ulikuwa sumu, na kuna wanaosema msiusingizie ubingwa, timu iliuawa na watu.

Kwanza tujue hii timu ni kitu gani maana haikuzaliwa kama tunavyodhani timu zinazaliwa. Mwaka 1963 shirikisho la Uturuki lilikuwa linaanzisha daraja la pili, na miji ikahimizwa iunganishe vilabu vyake vidogo vidogo itoe timu moja yenye nguvu. Bursa wakachukua vitano, Acar İdmanyurdu, Akınspor, Çelikspor, İstiklal na Pınarspor, wakavichanganya kwenye chungu kimoja tarehe 1 Juni. Rangi ya kijani ni ya mji wenyewe maana unaitwa Bursa ya kijani, nyeupe ni theluji ya mlima Uludağ unaouona ukiwa popote pale mjini. Kwahiyo kuanzia siku ya kwanza timu ilikuwa ya mkoa, sio ya familia wala ya kiwanda, na hili likumbuke maana tutalirudia.

Wakapanda ligi kuu 1967. Msimu wa 1974-75 wakafika robo fainali ya Kombe la Washindi Ulaya, wakiwa wamewatoa Finn Harps wa Ireland na Dundee United wa Scotland, wakaja kutolewa na Dynamo Kyiv ambao ndo walibeba kombe. 1986 wakachukua Kombe la Uturuki kwa kumfunga Altay 2-0 kwenye fainali. Halafu katikati ya miaka ya 90 kuna mtu wetu alipita pale, Majid Musisi, yule straika wa Uganda aliyetokea SC Villa akaenda Rennes ya Ufaransa halafu Bursa. 1995 walifika robo fainali ya Intertoto, kombe dogo la Ulaya la kiangazi, wakatolewa kwa penati na Karlsruhe ya Ujerumani. Enzi hizo ndo ulivuma ule ushangiliaji wao wa timsah yürüyüşü, wachezaji wanashuka chini mmoja nyuma ya mwenzake wanatambaa kwenye nyasi kama mamba, na jina la utani la timu ni mamba wa kijani. Musisi alifariki 2005 lakini ukitaja jina lake Bursa kwa mtu wa umri fulani anatabasamu kwanza ndo anaongea.

Haya turudi kwenye ubishi.

Wanaosema ubingwa ndo uliowamaliza wana hoja, tusiwabeze. Timu ya ubingwa ya kocha Ertuğrul Sağlam haikuwa ya mastaa. Golini Ivankov, Mbulgaria ambaye alikuwa anapiga na penati, nyuma kepteni Ömer Erdoğan, kati kina Ergić na Batalla, mbele vijana kama Volkan Şen, Ozan İpek na Sercan Yıldırım. Timu ya jasho, imejengwa taratibu, mishahara inabebeka. Wakaenda Ligi ya Mabingwa kundi moja na Manchester United, Valencia na Rangers, mechi ya kwanza kabisa wanapigwa 4-0 nyumbani na Valencia, ya marudiano wakala 6-1, mwisho wa siku pointi moja, magoli mawili ya kufunga na 16 ya kufungwa. Ile aibu pamoja na zile hela za UEFA vikaja kwa pamoja, na mtu aliyeaibika huku ana hela mfukoni unajua anafanyaga nini. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mji mzima ukaamini kwamba sasa sisi ni wakubwa, na ukishaamini hivo huwezi tena kumuuzia shabiki msimu wa kumaliza nafasi ya nane. Kila kocha akimaliza wa tano anaonekana kafeli, kila rais wa klabu anayeomba kura lazima aahidi kurudi kileleni, na ahadi inalipiwa kwa mkopo.

Mimi hii hoja naielewa, ila tarehe zake haziniingii. Timu haikuanguka 2011 wala 2012, miaka mitano baada ya ubingwa bado walikuwa wanatisha. Msimu wa 2014-15 chini ya kocha Şenol Güneş walicheza mpira mtamu kuliko hata ule wa ubingwa (mtanibishia lakini ndo ninavyoona), Fernandão akawa mfungaji bora wa ligi kwa magoli 22, wakafika fainali ya kombe wakafungwa 3-2 na Galatasaray, Burak Yılmaz katupia yote matatu. Halafu angalia kiangazi cha 2015. Güneş kaenda Beşiktaş. Fernandão kaenda Fenerbahçe, Ozan Tufan Fenerbahçe, Volkan Şen naye Fenerbahçe. Enes Ünal, kijana wa akademi yao wenyewe, kauzwa Manchester City. Dirisha moja tu nyumba imebaki kuta! Na mwisho wa mwaka huohuo wanahamia uwanja mpya, Timsah Arena, unaobeba watu kama 43,000, una kichwa cha mamba kwa nje, yaani mamba kabisa na macho. Timu ilikuwa ndogo kuliko nyumba yake.

Kuuza wachezaji sio dhambi, timu za mikoani zinaishi hivo duniani kote. Swali ni hela ilienda wapi, maana ukiuza vijana wako wote halafu miaka minne baadaye unashuka daraja ukiwa na madeni, huo sio ubingwa wa 2010 unaokuua. Wapo wanaosema mambo yaliharibika pale rais wa enzi za ubingwa, İbrahim Yazıcı, alipofariki akiwa madarakani 2013, kwamba hakupatikana tena mtu wa kukaa na timu kwa utulivu. Inawezekana, ila timu inayotegemea pumzi ya mtu mmoja ilikuwa na ugonjwa tayari.

Ugonjwa wenyewe ni huu. Vilabu vingi vya Uturuki kisheria ni chama cha wanachama, wanakutana kwenye kongamano wanachagua rais. Rais anakuja na ahadi, anasajili, anasaini mikataba ya euro, muda wake ukiisha anaondoka, deni linabaki la klabu. Anayekuja naye anakuta deni, anasema nilikuta hivi, anaongeza lake. Kila mtu anavuna, hakuna anayepalilia, kwa lugha yetu hilo ni shamba la bibi. Na mikataba ya euro sio kitu kidogo, 2010 euro moja ilikuwa kama lira 2, 2018 ikavuka lira 6. Timu inakusanya viingilio kwa lira, jezi inauza kwa lira, halafu mshambuliaji aliyeko benchi anakudai kwa euro. Mchezaji asipolipwa anaenda FIFA, FIFA wanafunga usajili, na ukifungiwa usajili unabaki kuchezesha watoto.

Ndo kilichotokea. 2019 wakashuka ligi kuu. Msimu wa 2020-21 karibu timu nzima ilikuwa ya vijana wa akademi, na cha ajabu walikuwa wanacheza vizuri, mpaka watu wakaanza kusema labda huku ndo kupona kwenyewe. Mmoja wao, Ali Akman, mkataba wake ukiwa unaelekea mwisho akasaini na Eintracht Frankfurt, klabu isipate hela ya maana. Yaani hata ule mti pekee uliokuwa unazaa haukuwa na uzio. 2022 wakashuka daraja la tatu, 2024 la nne (kule daraja la pili linaitwa 1. Lig, la tatu 2. Lig, la nne 3. Lig, usichanganyikiwe ukiona magazeti yao).

Ushahidi mwingine unaonifanya niegemee upande huu ni kwamba hawakuanguka peke yao. Gaziantepspor, timu iliyokuwa inasumbua vigogo, imekufa, jina la mji sasa hivi limebebwa na klabu nyingine kabisa iliyotokana na manispaa. Mersin İdmanyurdu imekufa. Eskişehirspor wameporomoka madaraja. Hao wote hawajawahi kuwa mabingwa, sasa wao waliuliwa na ubingwa gani? Kwa upande mwingine Konyaspor walichukua Kombe la Uturuki 2017 na hawakusambaratika.

Lakini nisiwape wenzangu wa upande huu ushindi wa bure, maana wanaposema ni uongozi mbovu tu, wanaruka kitu. Madeni ya vigogo wa Istanbul, kina Fenerbahçe, Galatasaray na Beşiktaş, ni makubwa kuliko ya Bursa kwa mbali, na hakuna anayeshuka. Kuanzia 2019 mabenki yalikaa na vilabu vikubwa kupanga upya madeni yao, wakaongezewa muda. Timu ya mkoani ikikosa hela inakosa kweli, haina benki ya kuibembeleza. Na ukiamua kushindana na hao watu ligi moja, mishahara unapangiwa na wao, sio na wewe. Kwahiyo aliyesema 2010 iliwatia Bursa kiburi cha kushindana na wasioweza kushindana nao kifedha hajakosea sana, amekosea tu anaposema ilikuwa lazima mwisho uwe ule. Bursa sio kijiji jamani, ni mji wa nne kwa ukubwa, watu zaidi ya milioni tatu, Renault na Fiat zinaunganishwa pale, viwanda vya nguo vimejaa. Mji wa namna hiyo kukosa timu hata daraja la pili ni kitu cha kushangaza kuliko ubingwa wenyewe.

Aprili 2022 ikapitishwa sheria mpya ya vilabu inayosema viongozi wanaotumia kupita bajeti watawajibika wao binafsi kwa deni. Nzuri sana. Ila ilifika wiki chache kabla Bursa hawajazikwa daraja la tatu, kama ambulansi inayopita msibani. Kwa sisi wa Simba na Yanga ambao kila mwaka tunabishana wanachama au mwekezaji, hapa pana cha kutazama, maana Bursa walikuwa na wanachama kamili na haikuwasaidia, na Başakşehir waliotokana na timu ya manispaa ya Istanbul, ambao mashabiki wao unaweza kuwahesabu, walichukua ubingwa 2020 kwa sababu tu mahesabu na mgongo vilikuwepo.

Kuhusu mashabiki nako tuseme ukweli wote. Wakiwa daraja la nne walikuwa wanajaza makumi ya maelfu ya watu, dhidi ya timu ambazo wachezaji wake wengine hawajawahi kuona umati kama ule maishani. Wana urafiki na Ankaragücü wa toka miaka ya 90, uliotokana na shabiki wao mmoja aliyefariki akiwa jeshini, mpaka leo dakika ya 6 Bursa wanaimba jina la Ankaragücü na dakika ya 16 Ankara wanaimba la Bursa, kufuata namba za magari za miji yao. Inasisimua. Lakini ni kwenye uwanja huohuo Machi 2023 wachezaji wa Amedspor, timu ya Wakurdi kutoka Diyarbakır, walirushiwa vitu na zikainuliwa picha za kuwakumbusha mauaji ya Wakurdi ya miaka ya 90, Bursa wakaadhibiwa kucheza bila mashabiki. Kwahiyo mtu akikwambia shabiki ndo roho ya klabu, mwambie ndio, na roho nayo huwa na siku zake mbaya. Halafu mashabiki haohao ndo waliokuwa wanapiga kelele rais asiposajili jina kubwa, hilo huwa hawalisemi.

2025 walipanda kurudi daraja la tatu, mji ukalipuka kama vile ni 2010 tena, magari barabarani mpaka alfajiri. Mimi sijaangalia sana idadi ya waliojaa uwanjani, hilo halijawahi kuwa tatizo lao. Nasubiri kijana mwingine wa akademi aanze kung'aa, nione mkataba wake utabaki na miaka mingapi siku wakubwa watakapopiga simu, na hiyo hela ikiingia itaandikwa kwenye daftari gani.